Masikio Yalitangulia Kusema

Hereni zilinishinda tangu utotoni. Kwetu Hasamba, wilayani Mbozi, miaka ile, msichana akitobolewa masikio alitiwa uzi kwanza. Kidonda kikikauka ndipo mama au shangazi alipomletea hereni kutoka Tunduma, zile za kung'aa zilizopakwa rangi ya dhahabu, ambazo wachuuzi walizivusha kutoka Nakonde zikiwa zimebandikwa jozi kwa jozi kwenye karatasi ngumu. Wenzangu walizivaa kanisani mpaka zikachujuka. Mimi nikivaa, baada ya siku mbili tatu ndewe ziliwasha, zikavimba, zikatoa maji, na asubuhi foronya ilikuwa na madoa. Bibi alisema nina damu kali. Shangazi alisema sioshi masikio vizuri. Nikaacha hereni, matundu yakaziba.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilipewa saa yenye mkanda wa chuma. Ikanitoa vipele kwenye kifundo cha mkono, nikaibadilisha mkanda ukawa wa ngozi. Sketi ya jinzi iliniacha na duara la ukurutu chini ya kitovu, pale kifungo kilipogusa. Hayo yote niliyaishi kila moja kwa wakati wake, na hakuna aliyeyaweka pamoja, si nyumbani wala hospitali, kwa kuwa hakuna anayekwenda kwa daktari kushitaki kifungo cha sketi.

Kisha likaja gego. La chini, upande wa kushoto, lilikuwa limetoboka siku nyingi. Lilipovunjika ukingo nikitafuna mahindi ya kuchoma, nilikwenda kliniki moja mjini. Siitaji, kwa sababu kilichonipata huko kinaweza kumpata mtu popote nchini. Wakasafisha mizizi, wakaiziba, wakanieleza kwamba jino lililobaki halina nguvu, lisipovikwa kofia litapasuka. Katika hilo walikuwa sahihi kabisa. Kofia zilikuwa za aina mbili: ya kauri, nyeupe, ambayo bei yake ililingana na karo ya mtoto, na ya chuma, rangi ya fedha, nafuu mno. Gego halionekani mtu akicheka. Nikachagua chuma, fedha ya kahawa ya msimu ule ikalipa. Niliambiwa ni chuma kizuri, imara, hakishiki kutu. Chuma gani, hakuna aliyesema, na kwenye risiti paliandikwa kofia ya chuma tu.

Wiki chache baadaye ufizi unaoizunguka kofia ukawa mwekundu na laini, ukivuja damu kwa kuguswa na mswaki. Ndani ya shavu, pale panapogusana na kofia, ikatokea mistari myeupe iliyosukana mithili ya wavu, na katikati yake kidonda. Chai ya moto, pilipili, hata nyanya viliniunguza. Hapo nilijua nina shida ya kinywa. Sikujua kwamba vidole vilikuwa sehemu ya shida hiyohiyo: malengelenge madogo pembeni mwa vidole, ya kuwasha usiku, yakipasuka vumbi la chaki linaingia. Kope nazo zikavimba.

Mwenye duka la dawa alisema ni fangasi, akanipa dawa ya kusukutua. Mahali pengine nikaandikiwa antibayotiki. Mwalimu mwenzangu alilaumu chaki. Mama mkwe aliniita pembeni akaniuliza kwa upole kama kuna mtu tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Siwalaumu hata mmoja wao. Vidonda vya mdomoni vina sababu nyingi, na fangasi, mswaki mgumu, jino lenye ncha kali au upungufu wa damu vinawatesa watu wengi zaidi kuliko mzio wa metali. Mtu anayeanza na sababu za kawaida anafanya vizuri, mradi zikishindwa asikomee hapo.

Aliyenishika sana alikuwa shemeji yangu. Ujana wake aliumalizia kwenye machimbo ya dhahabu ya Saza na Mkwajuni, wilayani Songwe, na zebaki anaijua kwa mikono yake: jinsi inavyomiminwa kwenye mchanga uliooshwa, inavyoishika dhahabu, inavyochomwa ili ipotee hewani dhahabu ibaki. Katika mkoa wetu si kitu cha vitabuni. Watu wanajua inavyotetemesha mikono ya waliovuta moshi wake kwa miaka. Sasa upande wa kulia wa kinywa changu nilikuwa na jino jingine, lililozibwa nikiwa chuoni kwa ile ziba ya kijivu ambayo siku hizi imekuwa nyeusi. Shemeji aliposikia kwamba ziba hiyo inaitwa amalgamu, na kwamba karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyobaki ikiwa fedha, bati na shaba, hakutaka kusikia zaidi. Akasema, "Dada, umebeba sumu ya machimboni mdomoni miaka yote hii. Ling'oe." Zikafuata sauti za kwenye simu kutoka kwa watu nisiowajua, zote zikiagiza hivyohivyo.

Nilikaribia kuling'oa. Lilikuwa jino zima, halijawahi kuuma tangu lizibwe.

Kilichonizuia kilikuwa swali la tabibu wa meno, kijana wa makamo ya mwanangu, katika kituo cha serikali. Aliniangalia kinywani muda mrefu, upande wa kushoto kisha wa kulia, akageuza taa, na alipokuwa karibu kabisa na sikio langu akasimama. "Mwalimu, naona ulitobolewa masikio, lakini matundu yameziba. Hereni uliacha lini, na kwa nini?" Nikamsimulia. Akauliza saa, mikanda, vifungo. Kisha akanionyesha kwa kioo kwamba shavu linalogusa ziba ya zamani ni safi, halina alama, na wavu wote uko upande wa kofia. "Kama ingekuwa amalgamu, ningetegemea kuiona hapa inapogusa," akasema. Mzio wa amalgamu upo, akaeleza, na ukimpata mtu huacha alama kama hizi jirani na ziba. Ila kwa uchache, na kwangu dalili ziliishia upande wa pili.

Naamini swali lile lina thamani kuliko dawa zote nilizokuwa nimemeza. Halikuhitaji mashine wala umeme.

Kofia nyingi za chuma za bei nafuu zinatengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na kromu, na nikeli mara nyingi ni zaidi ya asilimia 60. Inapendwa kwa sababu ni imara na rahisi kuliko dhahabu. Nikeli hiyohiyo ndiyo iliyo kwenye hereni za kupakwa, vifungo vya jinzi na mikanda ya saa, na ndiyo metali inayosababisha mzio wa ngozi kwa watu wengi kuliko nyingine zote duniani, wanawake zaidi kuliko wanaume, sababu kubwa ikiwa kutobolewa masikio. Metali ikikaa kwenye unyevu, jasho au mate, inaachia chembechembe ndogo mno. Chembe hizo zinajishika na protini za mwili, na askari wa kinga ya mwili wakishazitambua kama adui, hawasahau. Mara ya kwanza mtu haoni kitu. Mara zinazofuata, baada ya siku moja hadi tatu hivi, ngozi inawaka. Ndiyo maana ni vigumu kumkamata mhalifu: unavaa Jumapili, unawashwa Jumanne, na Jumanne unalaumu sabuni.

Wajenzi wetu wanaijua hali hii kwa sura nyingine. Fundi anayechanganya saruji kwa mikono mitupu mwaka baada ya mwaka anaweza kuanza ghafla kupasuka vidole na kuwashwa, na chanzo ni chembe za kromu zilizomo kwenye saruji. Ni mwendo uleule wa mwili, metali nyingine.

Huwa nawapeleka wanafunzi kukiona Kimondo pale Ndolezi. Wapima ardhi na wanasayansi walikifahamu mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakikipita siku zote. Ni bonge la chuma la zaidi ya tani 10, na ndani yake nikeli inafikia karibu asilimia 9. Tangu nipate mkasa huu, naitumia ziara ile kufundisha jambo ambalo zamani sikulifundisha. Naweka kiganja changu juu ya Kimondo mbele ya watoto, na sipati chochote. Kugusa kitu kikavu kwa dakika moja hakumdhuru hata mwenye mzio kama mimi. Kinachodhuru ni kukaa nacho saa nyingi mahali penye unyevu. Kisha nawauliza ni sehemu gani ya mwili iliyo na maji usiku na mchana, yenye chumvi, yenye ndimu na siki, yenye moto wa chai na baridi ya soda. Wanajibu wote kwa pamoja.

Lakini kinywa nacho kina ulinzi wake, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mate yanaosha chembe kabla hazijakusanyika, na damu nyingi inayopita chini ya utando wa kinywa inazichukua haraka. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mzio mkali wa hereni akavishwa kofia ya nikeli na asipate tatizo. Mwingine anapata dalili mbali na kinywa, kwenye mikono au kope, huku ufizi ukiwa kimya. Kuna hata jambo ambalo uchunguzi wa Ulaya umelionyesha zaidi ya mara moja: wasichana waliovaa nyaya za kunyoosha meno kabla ya kutobolewa masikio walipata mzio wa nikeli kwa uchache kuliko waliotobolewa kwanza. Mwili uliokutana na metali kwa njia ya kinywa ulijifunza kuivumilia. Hivyo mtu anayetangaza kwamba kila chuma mdomoni ni sumu hajaijua habari yenyewe, na anawatisha watu waliokuwa na meno mazuri yaliyozibwa vizuri.

Tabibu aliniandikia kwenda kwa daktari wa ngozi. Daktari alisikiliza, akakubali kwamba maelezo yanaelekea kwenye nikeli, ila hakuwa na viraka vya kupimia. Akaandika kwamba anashuku, akakataa kuandika kwamba amethibitisha. Nilimheshimu kwa hilo. Fani ya ngozi ina wataalamu wachache katika nchi yetu, na wengi wao wamepita kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992 na kupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Lakini daktari bingwa asiye na vifaa vya kupimia anabaki kukisia.

Kipimo nilikipata Dar es Salaam, nilipokwenda kumuuguza ndugu. Wanabandika mgongoni viraka vidogo, kila kimoja na metali yake iliyochanganywa kwenye mafuta mazito kama vaselini: nikeli, kobalti, kromu, paladi, dhahabu, zebaki. Vinakaa saa 48. Mgongo hauoshwi, wala hufanyi kazi ya kutoa jasho, jambo gumu Dar es Salaam kuliko Hasamba. Wakishabandua wanasoma, kisha wanasoma tena siku moja au mbili baadaye, kwa sababu kinga hii ni ya mwendo wa polepole. Aliyeanzisha njia hiyo alikuwa Josef Jadassohn, daktari Mjerumani, mwaka 1895, na kilichomfikisha huko kilikuwa zebaki: wagonjwa waliotibiwa nayo, ngozi zikaharibika. Kipimo kilizaliwa kwa ajili ya metali ileile ambayo shemeji alikuwa akiishitaki.

Kwangu nikeli ilitoa uvimbe na malengelenge. Kobalti iliwasha kidogo. Paladi nayo ilionyesha wekundu, na daktari akasema si ajabu, mwenye mzio wa nikeli mara nyingi huikataa na paladi, kwa hiyo kofia iliyoandikwa kwamba haina nikeli haitoshi kuwa salama kwangu. Mahali pa zebaki ngozi ilikuwa safi.

Kofia ya chuma ilitolewa, nikawekewa ya muda ya plastiki, na baada ya kujikusanya nikaweka ya kauri. Ufizi ulitulia upesi. Wavu wa shavuni ulichukua miezi kufifia. Mikono ndiyo iliyochelewa zaidi, na hata sasa nikichambua maharage mengi na kuyala siku mfululizo, vidole vinanikumbusha; maharage, karanga na chai vina nikeli ya asili, na watu wachache wenye mzio mkali huihisi. Kwa mtu wa Mbozi, kuambiwa apunguze maharage ni mtihani wa kweli. Ziba yangu ya zamani bado ipo upande wa kulia.

Jambo ninalolishikilia, na ninalolisema kila ninapopata nafasi mbele ya watu wa afya, ni kwamba mgonjwa anayo haki ya kuulizwa kuhusu hereni kabla ya kuwekewa metali, na kupewa kwa maandishi jina la metali aliyowekewa. Swali moja, mstari mmoja kwenye kadi. Tabibu aliyenisaidia alipotaka kujua kofia yangu ni ya nini, alipiga simu kliniki, kliniki ikamwelekeza kwa fundi wa maabara ya meno, naye akasema alitumia iliyokuwepo wiki ile. Fundi huyo mwenyewe anastahili kuhurumiwa na kulindwa. Ndiye anayezisaga na kuzisugua kofia hizo kutwa nzima, na baadhi ya michanganyiko ya nikeli huwa na berili, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu. Nimeona mafundi wanaofanya kazi hiyo bila barakoa ya maana wala feni ya kuvuta vumbi. Kujua jina la metali kungemwokoa yeye kabla yangu.

Sheria nayo inasaidia. Denmark iliweka mwaka 1990 kikomo cha nikeli inayoachiwa na vitu vinavyogusa ngozi, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa agizo la mwaka 1994. Wasichana waliotobolewa masikio baada ya hapo walipata mzio kwa kiwango kidogo kuliko dada zao wakubwa. Hereni zinazopita mpakani Tunduma zinagusa masikio ya watoto wa Songwe, Rukwa, Mbeya na kwingineko, na mtoto anayezoeshwa nikeli sikioni leo ndiye atakayekaa kwenye kiti cha meno baada ya miaka 30. Forodha yetu inajua kukagua mengi. Ningependa ikague na hili.

Kuhusu zebaki, shemeji yangu hakukosea kabisa, ingawa jino langu halikuwa ushahidi wake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Mwaka 2022 nchi wanachama ziliafikiana kwamba amalgamu isitumike kwa meno ya utoto, kwa wagonjwa walio chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone ni lazima. Novemba 2025, mjini Geneva, zikakubaliana amalgamu ya meno iachwe ifikapo 2034. Sababu kubwa ni zebaki inayoishia kwenye maji, udongo na samaki. Mkataba haujawaagiza watu wakang'oe ziba zilizo salama vinywani mwao.

Ninachoogopa ni kitakachokaa mahali pake. Katika vituo vyetu vingi, jino linalouma linang'olewa, basi, kwa sababu mgonjwa anachelewa na vifaa vya kuziba havipo. Nchi hii inajua njia nyingine tangu zamani. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi, akifanya kazi katika mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza kutibu meno yaliyooza kwa vyombo vya mkono peke yake: kukwangua uozo laini na kuziba papo hapo, bila mashine, bila umeme, mara nyingi bila sindano ya ganzi. Njia hiyo ilizaliwa hapa Tanzania, ikaenda Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima. Kinachozibia ni sementi ya glasi, isiyo na nikeli wala zebaki, inayoachia floridi kidogo kidogo kwenye jino. Tangu mwaka 2021 sementi hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo. Kwa gego lililovunjika kama langu haitoshi, lakini kwa tundu dogo la mtoto wa shule inatosha sana. Ifike kwenye vituo vya afya vya kata za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe pamoja na mtu aliyefunzwa kuitumia, kabla ya 2034, ili amalgamu ikiondoka mahali pake pasichukuliwe na koleo.